Waliokuja Kupuliza Pasi

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea. Mimi niko juu ya magunia matupu ya mkaa, mguu mmoja ndani, mwingine unaning'inia, na mpwa wangu anakimbia pembeni akininyooshea chupa ya chai niliyoisahau mezani.

"Mjomba, shika! Mama anasema ukiipoteza na hii, usirudi!"

Nikaidaka. Akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, anaitafuta pumzi. Injini ilikuwa inanguruma lakini nilijua kifua chake kinalia. Ana pumu tangu utotoni, na wenzake walimpa jina la Filimbi kwa sababu akikimbia kidogo tu kifua kinapiga mluzi chenyewe. Ni kitindamimba wa dada yangu, msichana wa sekondari, mrefu kuliko mama yake.

Lori likakata kona. Nikafungua kitambaa alichoizungushia chupa isivunjike. Kilikuwa mtandio wake, na kilinuka sigara.

Kwa hilo pua yangu haidanganyiki. Nimevuta miaka mingi, katika miji mingi, nikaacha siku niliyopanda ngazi za hospitali kumwona mgonjwa, nikafika juu nikalazwa kitanda cha jirani yake. Nikajaribu kujiambia kwamba pengine msichana alipita tu kwenye moshi wa watu. Raha sikuipata. Katika mtaa mzima, ni nyumba moja tu ambamo mtandio haukupaswa kunuka sigara, na nyumba hiyo ni ya dada yangu.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na robo ya watoto unaowaona asubuhi wakienda shule wamevaa mkono wake. Marehemu shemeji yangu alikuwa mvutaji wa kuunganisha, inayokwisha inawasha inayofuata, na mwisho wake alikuwa anazungumza kwa sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Dada alimuuguza mpaka dakika ya mwisho. Akabaki na cherehani, nyumba, na huyu binti mwenye kifua kibovu.

Mwaka huo, kabla sijafika kwake, akawaona wanafunzi wamesimama dirishani pa duka la kona, wanavuta, mmoja ameficha sigara ndani ya mfuko wa shati.

"Ule mfuko nimeushona mimi," aliniambia nilipofika kwake kwa matembezi. "Niliushonea kalamu, kaka. Sikuushonea jivu."

Mwingine angeenda kupiga kelele. Yeye aliweka cherehani yake barazani, akawa anashona huku jicho liko dukani. Akagundua jambo ambalo sote tunaliona kila siku, hatulitazami. Kwetu sigara inauzwa mojamoja, na kila dirisha la duka lina kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa kamba ili mnunuzi awashie hapohapo na asiondoke nacho. Mtoto wa shule hanunui pakiti, na kiberiti hana. Ananunua moja, anawasha, anajikunja nyuma ya mashine ya kusaga, anamaliza, anatafuna majani ya mpera, anarudi nyumbani malaika.

"Tukikata kamba," dada alisema, "itabidi kila anayevuta awe na kiberiti chake. Mtu mzima atakuwa nacho, hilo halinihusu. Mtoto akiwa nacho mfukoni, mama yake atakiona siku ya kufua."

Alilipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaitana. Walikubaliana sigara zitoke pembeni ya pipi, zikae nyuma kabisa karibu na betri. Walikubaliana pia mtoto asitumwe tena dukani kununua sigara, hata na baba yake. Hapo wazee walinung'unika kwelikweli.

"Yaani nimejilaza zangu, hamu imenishika, niamke mwenyewe?" mmoja akauliza.

"Amka," dada akamjibu. "Utapata na mazoezi."

Kwenye kamba ndipo palipokuwa na kazi. Mwenye duka la kona, tunayemwita Chenji Kesho kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu chenji siku ileile, aliruka juu. "Hiyo kamba ni huduma kwa mteja!" Wakavutana, na mwisho akatoa sharti mbele ya watu wote: zikatwe mpaka mkutano wa mwisho wa mwezi. Kama watoto bado watakuwa wanavuta nyuma ya mashine, kamba zirudi na maneno haya yaishe, asisikie tena mtu akimkalia kooni. Dada akakubali. Kesho yake alipita duka hadi duka na mkasi wake mkubwa wa vitambaa, kinamama wengine nyuma yake, akawa anakata. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Mikasi.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Nyuma ya mashine pakawa kimya, hata kuku wakarudi kuchakura, na dada akairudisha cherehani ndani. Kisha, katikati ya mwezi, moshi ukaanza tena. Mdogo, wa kuibia, lakini upo. Chenji Kesho akawa anamsalimia dada yangu kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Fundi, habari za moshi?"

Dada hakulala kwa kutafuta moto unatoka wapi. Akamshuku Mama Chai, mwanamke anayeuza chai karibu na shule, mwenye jiko la mkaa nje. Akamwendea mchana, wateja wamejaa.

"Wewe ndiye unayewawashia watoto wetu."

Mama Chai akaweka birika chini. "Mimi?"

"Moto wa wazi mtaani ni wako peke yako."

Mama Chai hakubishana. Alibeba jiko lake na moto wake akaingiza ndani ya kibanda, kwenye joto la kumtoa mtu roho, akawa anapika humo. Hakumsalimia dada yangu tena. Na moshi nyuma ya mashine haukukoma.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinampa dada faraja siku hizo. Vijana, alisema, wamepata adabu. Dada hatumii pasi ya umeme. Anasema ya umeme inaibembeleza nguo, ya mkaa inaiamrisha. Kwa hiyo jioni Filimbi akitoka shule anakaa barazani anapiga pasi sare za siku ile, pasi nzito ya chuma iliyojaa makaa, na vijana wanaopita wanasimama, wanainama, wanamsaidia kupuliza.

"Kila mmoja anasema, shikamoo mama, ngoja tumpulizie dada," aliniambia. "Zamani walikuwa wanapita kama mbuzi. Unaona kaka, mtaa ukiusemesha unasikia."

Nami nikaitikia. Ndiyo, wana adabu. Nikanywa chai yangu, nikafunga mzigo, maana mimi nikikaa mahali sana miguu inaanza kuwasha, na nikaondoka na lori la mkaa kama nilivyosema.

Lori halikufika mbali. Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho wa mji gia ziligoma, dereva akaingia chini ya gari, akatoka na uso mweusi akasema leo hatuendi, na kesho pia haniahidi. Nikabeba mzigo wangu nikarudi kwa miguu. Sikupita barabara kubwa. Nilipita uchochoro unaotokea ubavuni mwa nyumba ya dada, pale anapoanika sare zilizokwisha. Nikasimama nyuma ya safu ya mashati meupe kutua mzigo, nikasikia sauti.

"Bi Moto, leo makaa yako yamekolea?"

"Inama upesi, mama yuko ndani anampima mtu."

Nikachungulia kati ya mashati. Kijana wanayemwita Twiga, kwa urefu wa shingo, alikuwa ameinama juu ya pasi. Filimbi alikuwa ameinua kifuniko kidogo. Twiga mikono ameikunja mdomoni kama mtu anayepuliza, mashavu yake yakawa yanaingia ndani badala ya kutoka nje. Kisha akainuka na kiganja kimefumbwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Haya dada, sasa imeshika!" Akaenda zake. Akaja mwingine. Baada yake akaja msichana, huyo akakaa kidogo, wakacheka na Filimbi, wakanong'onezana mambo yao, naye akainama, akaondoka.

Kutoka ndani dada akaita, "Asanteni wanangu! Mungu awabariki!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtu amekata kamba za mtaa mzima kwa mkasi wake mwenyewe, na moto ameuweka barazani kwake, na wanaouchukua anawaombea baraka.

Nikatokea. Filimbi aliponiona kifuniko kilimponyoka kikalia kwa kishindo.

"Mjomba! Lori?"

"Limekufa gia. Shika mtandio wako."

Akaupokea. Akaukunja mara nyingi mpaka ukawa mdogo.

"Unavuta?" nikamwuliza.

"Mara mbili tu, mjomba."

"Na kifua?"

"Ya kwanza hakikufanya kitu." Akaitazama pasi. "Ya pili nililala nimekaa. Nilimwambia mama ni vumbi la vitambaa."

Nikakaa kwenye benchi. Sikuwa na hotuba. Mtu niliyezeeka njiani sina mamlaka ya kumfundisha mtoto wa watu jinsi ya kukaa. Nikamwuliza tu ilianzaje. Akasema ilianza na Twiga kuomba moto siku moja, kwa utani, naye akampa kwa utani. Kesho yake wakaja wawili.

"Mjomba, mimi mpirani sichezi, mbio sikimbii, kwenye sherehe nikicheza wimbo mmoja natafutiwa kiti. Hakuna mtu aliyekuwa anasimama hapa. Walikuwa wanapita wanapiga mluzi wa kunitania, basi. Sasa wanasimama. Wananiita Bi Moto."

"Na hizo mbili ulivuta kwa nini?"

"Walisema mwenye moto hawezi kukosa kuonja."

Mashine ya kushona ikanguruma ndani, ikanyamaza. Filimbi akanishika mkono.

"Usimwambie mama. Mkutano ni kesho. Akijua ni hapa, atakufa kwa aibu."

"Mimi simwambii," nikasema. "Lakini ukinyamaza, unajua kesho atamtaja nani."

Alijua. Aliinua pasi akaanza kupiga kola ya shati ileile aliyokwisha kuipiga.

Mkutano ulifanyika alasiri katika darasa la chekechea, kwa sababu ndilo lenye nafasi. Viti vyenyewe vya watoto. Watu wazima wote magoti yapo kifuani, mwenyekiti kakaa juu ya meza ya mwalimu kwa kuwa kiti kilimkataa. Mama Chai alikaa karibu na mlango, mikono kaifunga. Nyuma walisimama vijana kadhaa, Twiga akiwemo, wamekuja kusikiliza kamba zao zinarudi lini.

Chenji Kesho alisimama kwanza. Alikuja amejiandaa, mfukoni ana mpira wa kamba mpya kabisa.

"Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Nyuma ya mashine kunavutwa au hakuvutwi?"

"Kunavutwa," watu wakajibu.

"Basi. Nimepoteza wateja, nimeitwa muuaji, na watoto wanavuta vilevile. Sharti ni sharti." Akainua ile kamba. "Kesho asubuhi nafunga."

Dada yangu akainuka. Kile kiti kidogo kiliinuka naye, akakibandua nyuma, watu wakacheka, yeye hakucheka.

"Kamba hazina kosa," akasema. "Kuna mtu anawapa watoto moto. Nilishasema mwanzo na ninarudia, na safari hii namtaja kwa..."

"Mama."

Filimbi alikuwa amesimama ukutani. Sauti yake ilikuwa ndogo na kifua kilishaanza kuimba, kwa hiyo watu walilazimika kunyamaza ili wasikie.

"Mama, usimtaje Mama Chai. Moto unatoka kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenye pasi."

Dada akamtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. "Pasi ninayo mimi. Pale wanakuja kupuliza tu."

"Hawapulizi, mama. Wanavuta."

Nyuma kule Twiga alikuwa anajaribu kupunguza urefu wake. Hakufanikiwa.

Filimbi akaendelea, akakatika, akavuta pumzi, akaendelea. Akasema ni yeye aliyekuwa anafunua. Akasema na yeye alivuta, na ule usiku aliolala ameketi halikuwa vumbi la vitambaa. Alipofika hapo hakuweza tena, Mama Chai akamsogezea kiti chake mwenyewe akamkalisha, akamfungua kifungo cha shingoni, akamwinamisha mbele.

Nilimwangalia dada yangu. Nimemjua tangu ananyonya, na sijawahi kumwona hajui pa kuweka mikono. Aliitazama, kisha akaiweka nyuma. Chenji Kesho, nampa haki yake, alikuwa ameirudisha kamba mfukoni.

"Mama Chai," dada akasema. "Nilikufuata mbele ya wateja wako. Basi nakuomba radhi mbele ya hawa. Nilijipalia makaa mwenyewe, wewe nikakuchoma."

"Umenipikisha ndani ya tanuri," Mama Chai akasema bila kuinua kichwa, bado anampapasa binti mgongo. "Nimekonda."

"Hata hujakonda," mtu akasema kutoka pembeni, na hapo ndipo watu walipopata njia ya kucheka.

Mwenyekiti akauliza kuhusu sharti. Chenji Kesho akasema sharti lipo palepale, ila sauti ilishapungua. Mama Chai ndiye aliyemjibu.

"Kamba za nini? Mwezi mzima watoto walikuwa na moto mmoja tu mtaa mzima, mpaka wakalazimika kumwamkia Mama Mikasi ili waupate. Sasa tumeujua. Uzimwe huo, tuone watawashia wapi. Ukirudisha kamba zako unawawashia wewe."

Wakanyoosha mikono. Mikono ya kinamama iliinuka yote, ya wanaume iliinuka mojamoja, ya mwisho ikiwa ya yule mzee aliyekuwa hataki kuamka. Kamba zikabaki zimekatwa. Ikakubaliwa pia kwamba moto wa wazi, wa chai, wa pasi, wa kuchomelea mabati, ukae ndani ya mlango saa za watoto kutoka shule, na asiachiwe mtoto kuutunza.

Jioni ile dada aliimwaga pasi. Aliifungua barazani, akamimina makaa kwenye karai, akayamwagia maji. Mvuke ulipanda mpaka kwenye bati. Filimbi alikuwa amekaa kwenye benchi na mtandio puani.

"Sasa hawatakuja tena," akasema.

"Wanaokuja kwa makaa hawatakuja," mama yake akasema. "Benchi silitoi."

Alikaa naye hapo. Sikusikia walichozungumza, nilikwenda kuulizia lori.

Lori lilipona baada ya siku kadhaa nikaondoka kweli. Nimepita mtaa ule mara nyingi baadaye na mambo yako hivi.

Dada alinunua pasi ya umeme. Analalamika kila siku kwamba inabembeleza. Ile ya mkaa iko juu ya kabati, ndani yake anaweka vifungo.

Chenji Kesho aliona sigara mojamoja bila moto zinalala, akabaki na pakiti tu kwa watu wazima, na sehemu ya pembeni ya pipi akaweka sabuni. Chenji bado ni kesho.

Mama Chai alirudi na jiko nje asubuhi, mchana analiingiza. Anasalimiana na dada. Urafiki haukurudi wote.

Twiga alinunua kiberiti chake. Mama yake alikiona siku ya kufua. Alificha kingine, na anavuta mpaka leo. Ni kondakta wa mabasi ya mbali, anakohoa. Wengi kati ya wenzake waliacha kwa uvivu wa kutafuta moto, si kwa sababu nyingine.

Kwenye benchi alibaki yule msichana mmoja aliyekuwa akicheka na Filimbi. Alikuja siku iliyofuata, hakuna makaa, akakaa. Siku hizi wana cherehani mbili, wanashona pamoja na dada. Filimbi hakuvuta tena. Kifua chake hakijapona na hakitapona, dawa anatembea nayo kwenye mfuko wa gauni, mfuko alioushona mwenyewe.

Ile chupa ya chai niliisahau kwenye lori.